Kiungo gani kinaingia kwenye bomba la milimita 21.5 la kutolea maji ya boila?

#1 Mwenyeji_Kabale
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Kabale, mji ambao baridi yake mnaijua: mgeni akikosa maji ya moto asubuhi hagombani na mtu, hufunga mkoba wake na kuondoka. Shemeji yangu aliyeko Uingereza aliniletea boila ya gesi iliyokwisha kutumika, ya kutundikwa ukutani, ya aina ile inayonyonya joto la moshi wake yenyewe mpaka moshi ukapoa na kudondosha maji. Maji hayo hutoka chini ya boila kupitia kijibomba cheupe cha plastiki, nami ninataka kuyapeleka nje ya jengo.

Tatizo ni kiungo. Soketi ya 20 haipandi juu ya kijibomba hicho, na ya 25 inacheza kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Nimepima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, mara tatu na kila mara ninapata milimita 21.5 kwa nje. Muuzaji mmoja alinieleza kwa upole kwamba bomba langu limevimba kwa joto. Fundi wangu aliviringisha tepu nyeupe nyingi, akapaka gundi, akaingiza soketi ya 25. Kulipokucha soketi ilikuwa sakafuni na maji yamesambaa hadi mlangoni. Kipimo hiki ni cha nini, na kiungo chake ninakipata wapi Uganda?

#2 Mvuke_na_Chai
Karibu jukwaani, ssebo. Kwanza achana kabisa na plastiki. Nimefanya kazi ya boila katika kiwanda cha chai upande wa Fort Portal kwa miaka 11, na maji yanayorudi kutoka kwenye mvuke huwa karibu kuchemka, kwa hiyo plastiki italegea na kupinda kama mgomba ulioungua. Tumia bomba la chuma cheusi, viungo vyenye nyuzi za BSP (za mtindo wa Uingereza), chujio kabla ya mtego wa mvuke, kisha uyarudishe maji hayo kwenye tangi la kulishia boila badala ya kuyamwaga, maana kila lita inayorudi ikiwa moto inakuokolea kuni. Uangalie pia usiuziwe viungo vya nyuzi za NPT (za mtindo wa Marekani), kwa sababu pembe ya nyuzi zake ni digrii 60 ilhali BSP ni 55; vitashikana mizunguko miwili ya kwanza, utadhani umefanikiwa, kisha vitavuja maisha yako yote.

#3 DadaFundi_Mbale
Ndugu wa #2, ushauri wako ni mzuri kwa boila nyingine kabisa. Mwenyeji hana mvuke wala kuni. Ana boila ndogo ya gesi inayopasha maji tu, na anachozungumzia si mvuke uliorudi kuwa maji ndani ya mabomba bali ni unyevu wa moshi uliopoa. Maji hayo ni ya uvuguvugu, hivyo plastiki inayamudu bila shida. Hatari yake ni ukali. Hewa ya ukaa na oksaidi za naitrojeni zilizomo ndani ya moshi huyeyuka humo, na pH yake (kipimo cha ukali, ambacho kikiwa chini ya 7 maji ni makali) huwa kati ya 3 na 5, ukali unaokaribia ule wa maji ya nyanya. Ukiyapitisha kwenye chuma yatakila chuma, ukiyapitisha kwenye shaba utaona ukijani baada ya muda, na bomba la mabati litapoteza zinki yake kwanza kisha lifuate lenyewe.

Mwenyeji, ninaomba mambo mawili: soma maandishi yoyote yaliyochapwa kwenye kijibomba hicho, na utueleze kama ni kipande kimoja na boila au kimeungwa.

#4 Mvuke_na_Chai
Nimekubali kosa. Niliona neno "boila" nikaliona tanuri na rundo la mikaratusi. Hata hivyo, Dada, usidhani kwamba upande wetu hauna ukali: mvuke hubeba hewa ya ukaa, na maji yake huchimba mfereji kwenye tumbo la chini la bomba la chuma mpaka unalikuta limekatika kwa urefu wake huku upande wa juu ukiwa mzima kama siku liliponunuliwa. Tofauti yetu ni kwamba sisi tuna dawa za kutia kwenye maji.

#5 Babu_wa_Leicester
Salamu kutoka mbali. Niliondoka Jinja mwaka 1972 nikiwa mtoto, nimefanya kazi ya mabomba hapa Leicester mpaka nikastaafu, na Kiswahili changu mtanisamehe kwani ninakisoma kuliko ninavyokisema.

Bomba hilo halijavimba. Milimita 21.5 ni kipimo halali cha Uingereza, cha bomba jembamba ambalo tangu zamani lilitumika kutolea maji yanayofurika kwenye matangi ya darini na ya vyooni. Boila za aina hii zilipoenea, hasa baada ya Aprili 2005 zilipolazimishwa na kanuni za ujenzi za England na Wales, bomba hilo likachukuliwa kwa kazi mpya kwa sababu lilikuwapo dukani na ni la bei ndogo. Ndani lina milimita 19 hivi, na ndicho kipimo cha chini tunachokubali kwa bomba linalopita ndani ya nyumba. Likitoka nje tunaliongeza upana hadi lile la 32, kwa ajili ya barafu. Desemba 2010 simu yangu haikunyamaza: mabomba membamba yaliganda nje ya kuta, maji yakarudi nyuma, boila zikazima zenyewe, nasi tukawa tunapanda ngazi na birika la maji ya moto kuyayeyusha. Kabale ni baridi, lakini si baridi ya kugandisha bomba.

Ila nikuonye juu ya hiyo "32" yetu. Bomba la taka la Uingereza linaloitwa 32 lina takriban milimita 36 kwa nje likiwa la gundi, na karibu 34 na nusu likiwa la kusukumia kwenye mpira. La Ulaya bara linaloitwa 32 lina milimita 32 kwelikweli. Majina matatu sawa, mabomba matatu yasiyosikilizana.

#6 Mwenyeji_Kabale
Ahsante sana, Mzee wangu. Kumbe yule muuzaji alitaka kuniuzia dawa ya uvimbe. Dada, kwenye kijibomba hakuna maandishi yoyote, na kina urefu wa kiganja tu kutoka chini ya boila. Kuhusu kuungwa, ninaona pete ndogo yenye nyuzi kwenye shina lake, juu kabisa, lakini hakuna kitu kilichofungwa hapo.

#7 Busia_Mpakani
Mimi ninauza vifaa vya ujenzi hapa mpakani na ninaona mnazunguka. Jibu liko kwenye inchi. Kabla ya vipimo vya milimita kutawala, bomba la PVC la nusu inchi lilikuwa na kipenyo cha nje cha takriban milimita 21.3, sawasawa na bomba la chuma la nusu inchi, na mpaka leo yapo mabomba ya PVC yanayotengenezwa kwa inchi. Soketi yake ya gundi inaipokea 21.5 kwa kuikaza kidogo, na ukiisugua ncha ya bomba kwa msasa inaingia bila ugomvi. Kosa la wauzaji wengi ni kuandika "nusu inchi" kwenye boksi la 20 na "robo tatu" kwenye boksi la 25, mteja anaondoka akiamini kwamba majina hayo ni ndugu, kumbe ni majirani tu. Nenda Nabugabo, mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi Kampala, na kipande chako mkononi, usiende na jina la kipimo.

#8 Afande_Mstaafu
Vijana, mnalifanya jambo dogo kuwa oparesheni ya kikosi kizima. Chukua bomba la PVC la 20, lipashe ncha yake juu ya mkaa ukilizungusha taratibu bila kuliunguza, likilegea lisukume juu ya hicho kijibomba, lipoe hapohapo. Litajifinyanga lenyewe kwa kipimo kamili, iwe 21.5 au 21.7. Nimefanya hivyo kambini kwa miaka mingi, na soketi tulikuwa tukiziona kwenye magazeti tu.

#9 DadaFundi_Mbale
Afande, heshima yako iko palepale, lakini hapo kuna mambo matatu. Ukitanua bomba kwa moto, ukuta wake unakuwa mwembamba palepale ambapo unahitaji nguvu. Bomba la 20 likishapungua unene wake kwa ndani linabaki jembamba kuliko 19 anazotaka Mzee wa #5. Na ukilisukuma likiwa la moto juu ya kijibomba cha boila, unaweza kukipinda kijibomba chenyewe, ambacho hakiuzwi Kabale wala Kampala.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ile gundi iliyoachia usiku mmoja. Nafasi kati ya 21.5 na 25 ni kubwa mno kwa gundi yoyote, hilo nakubali, lakini gundi ya PVC hata kwenye nafasi mbaya huacha ngozi iliyoshika. Mwenyeji, gundi ilikauka na kubanduka kama ganda, au ilibaki imeng'ang'ania? Kama ilibanduka, ninashuku kwamba kijibomba chako si PVC bali ni plastiki nyingine iitwayo polipropilini, na polipropilini haikubali gundi hiyo hata ukiibembeleza. Kata unyoya mdogo kwa wembe, uutie kwenye glasi ya maji. PVC huzama. Polipropilini huelea.

#10 Busia_Mpakani
Au gundi yenyewe ilikuwa bandia. Kuna makopo yanazunguka ambayo hata karatasi hayagandishi. Tusiikimbilie kemia kabla ya kuliangalia kopo.

#11 Mwenyeji_Kabale
Nimefanya jaribio mbele ya mke wangu na wageni wawili waliodhani ninapima dhahabu. Unyoya wa kijibomba cha boila umeelea. Unyoya wa soketi ya 25 umezama mara moja. Na ni kweli, gundi ilibanduka nzima kutoka kwenye kijibomba, ikabaki ndani ya soketi kama ganda la yai. Kopo ni jipya na limeunganisha mabomba ya bafuni bila shida, kwa hiyo Ndugu wa Busia, gundi inaachiwa huru.

#12 Busia_Mpakani
Basi, kwa gundi ninanyamaza. Lakini kuelea kwa unyoya hakubadilishi kipimo. Soketi ya nusu inchi ya zamani bado itakaa vizuri zaidi kuliko ya 25, na ikikazwa kwa mpira mwembamba ndani itashika, kwa kuwa hapa hakuna msukumo wa maji, ni matone tu.

#13 Babu_wa_Leicester
Dada wa Mbale ana jicho. Nimerudi kusoma #6 na ile pete yenye nyuzi imenishtua. Kwenye boila nyingi, kijibomba hicho ni sehemu ya mtego wa maji wa ndani ya boila, nao hutengenezwa kwa polipropilini. Hapo haifungwi gundi. Huja na nati ya plastiki na mpira wa kubana: unalipitisha bomba la 21.5 la PVC ndani ya nati, mpira unalibana, kazi imekwisha. Nina hofu kwamba aliyeing'oa boila hiyo huku aliondoka na nati, au aliiacha ikining'inia kwenye bomba la zamani ukutani. Hilo ndilo hutokea tunapong'oa kwa haraka, nami mwenyewe nimelifanya.

#14 Mwanafunzi_Kyambogo
Naomba kuuliza kama mtu anayesoma mambo haya darasani tu. Maji yenyewe ni kiasi gani mpaka yahitaji mjadala mrefu hivi? Nimejaribu kukokotoa. Propani ya gramu 44 ikiungua kabisa hutoa maji gramu 72, yaani kila kilo ya gesi inatoa kilo 1.6 za maji na zaidi kidogo. Kilo hiyo ina nishati ya takriban kilowati-saa 12.9, kwa hiyo kila kilowati-saa inaleta lita 0.13 hivi. Boila ya kilowati 24 ikiwaka kwa nguvu zote ingetoa lita 3 kwa saa, kama mvuke wote ungegeuka maji. Bomba la 20 lingezibeba lita 3 likiwa limesinzia. Kwa nini basi 19 za ndani ziwe lazima?

#15 Babu_wa_Leicester
Hesabu yako ni safi, kijana. Sababu si wingi wa maji. Ndani ya bomba jembamba tone hujitandaza na kuziba njia nzima, likajitengenezea kizibo, na hewa iliyo nyuma yake ikakosa pa kupita. Juu ya hayo kuna uchafu: chembe za alumini au za kutu kutoka ndani ya boila hushuka na maji na kutulia penye kona. Bomba huwa pana kwa ajili ya hewa na takataka.

#16 Kisekka_Spea
Mimi ni wa vipuri vya magari, ninapita tu, lakini mbona mnasumbuka na nati iliyobaki Uingereza? Mnahitaji mpira unaobana 21.5 upande mmoja na bomba la kawaida upande mwingine. Njoo na kalipa yako, utapata mpira wa kipenyo cha ndani cha 22 au wa 19 unaotanuka ukichovywa kwenye maji ya moto. Mpira wa maji ya kupasha joto garini umezoea maji ya moto yenye dawa, kwa hiyo huu ukali wa nyanya hautauzindua usingizini. Klipu iwe ya chuma kisichoshika kutu. Wanaouza mashine za kufulia nao wana bomba la kutolea maji ambalo midomo yake ya mpira huwa ya 19 kwa 22, na bei yake haitakukosesha usingizi.

#17 DadaFundi_Mbale
Hilo la mashine ya kufulia ninaliunga mkono kuliko la gari, isipokuwa bomba lake lina mikunjo ndani na linapenda kulegea katikati. Likatwe fupi, libaki mdomo wa mpira tu, kisha liingie kwenye PVC ya inchi moja na robo inayoelekea nje. Mteremko uwe milimita 45 kwa kila mita, bila tumbo wala mgongo, na kona ziwe chache.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nami nitalisema hata mkiniona mwalimu wa zamu. Mtego wa maji ulio ndani ya boila ndio unaozuia moshi usishuke kupitia bomba hilohilo na kuingia chumbani, na moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu. Boila iliyosafiri hufika na mtego mkavu. Kabla ya kuiwasha, mtego ujazwe maji. Pia boila za Uingereza kwa kawaida hutoka zikiwa zimepangwa kwa gesi asilia inayofika kwa shinikizo la milibari 20, ilhali propani inahitaji 37 na tundu za kupitishia gesi tofauti au mpangilio tofauti wa valvu. Mwenyeji, boila yako ilibadilishwa?

#18 Mwenyeji_Kabale
Ilibadilishwa, Dada. Shemeji aliileta na vifaa vya kuibadilisha kwa gesi ya mitungi, na fundi wa gesi aliyetoka Mbarara akaviweka na kupima moshi kwa mashine yake. Kuhusu mtego kuwa mkavu, nakiri hakuna aliyenieleza. Nimeujaza leo kwa kikombe, na harufu ya ajabu iliyokuwa ikimsumbua mpishi tangu wiki iliyopita imetoweka. Nimekaa chini kidogo baada ya kugundua hilo.

#19 Afande_Mstaafu
Hapo Dada amestahili saluti. Ninauondoa mkaa wangu mezani kwa suala la boila, lakini kwa bomba la shambani siuondoi.

#20 Gulu_Viyoyozi
Sisi tunaofunga viyoyozi tunakutana na maji ya aina hii kila siku, ingawa yetu hayana ukali wa moshi. Wengi wetu tunatumia bomba la kupitishia nyaya za umeme la 25, ambalo ndani lina nafasi ya kutosha, ni jepesi na linapatikana hata katika kituo kidogo cha biashara. Ninachotaka kuongeza ni huu mdomo wa nje. Huku kwetu nyigu wa matope hujenga ndani ya bomba lililo wazi kwa siku chache tu za kiangazi. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza "kiyoyozi kilichokufa" na kukuta udongo wenye mabuu. Weka kijiwavu chenye matundu makubwa kidogo, kisichozuia uchafu kutoka, na mdomo uelekee chini.

#21 DadaFundi_Mbale
Bomba la nyaya kwa maji ya moshi silipendekezi. Viungo vyake havikutengenezwa kuzuia maji, na wengi hata gundi hawapaki.

#22 Gulu_Viyoyozi
Ukipaka gundi yanazuia, dada yangu. Miaka 6 na hayajanidai.

#23 Mwenyeji_Kabale
Ninaleta ripoti. Nilituma kijana Kampala na kipande cha mfano nilichokichonga kwa mti kwa kipimo cha 21.5, kwa sababu kijibomba chenyewe hakitoki. Nabugabo alikuta soketi moja ya PVC ya nusu inchi ya zamani, kama alivyosema Ndugu wa Busia, na kipande cha mti kiliingia barabara. Kwenye boila ilipanda mpaka nusu ikakwama, na bila gundi inadondosha tone kila dakika. Mdomo wa mpira wa mashine ya kufulia umepanda wote, umebana, haudondoshi. Nimeutumia huo, kisha PVC ya inchi moja na robo, mita 3, mteremko nimeupima kwa kamba na chupa ya maji.

Yamebaki mawili. La kwanza, boila inakoroma kama mzee aliyelala chali, na jana ilizima mara moja, nilipouchomoa mpira ikatapika maji kikombe kizima, kisha ikawaka. La pili, nimekinga maji kwa ndoo kwa saa nzima tukioga wageni wote kwa zamu, nimepata lita moja na kidogo. Mwanafunzi aliahidi 3.

#24 Mwanafunzi_Kyambogo
Nilisema "kama mvuke wote ungegeuka maji", Mwenyeji. Naomba sentensi hiyo isipotee.

#25 Busia_Mpakani
Kukoroma ni mpira. Umebana kupita kiasi ukajikunja ndani. Soketi yangu haikoromi.

#26 Kisekka_Spea
Soketi yako inadondosha, rafiki.

#27 Gulu_Viyoyozi
Kukoroma ni hewa. Maji yanashuka, hewa inataka kupanda, na zote zimefungiwa ndani ya bomba moja lisilo na pumzi. Katika viyoyozi ningeweka tii (kiungo cha midomo mitatu) yenye mdomo wazi juu, mara baada ya mtego. Mwenyeji akate bomba, chembamba kidondoshe ndani ya kipana kama kwenye faneli, bila kufungwa. Kitapumua.

#28 DadaFundi_Mbale
Ninakubali kwamba ni hewa, lakini kabla ya kukata chochote tuangalie ule mdomo wa nje umeishia wapi. Kama umezama ndani ya maji ya mfereji au ndani ya matope, dalili zitakuwa hizohizo. Na kikombe kizima cha maji yaliyorudi kinanifanya nishuku uchafu wa miaka ya Uingereza uliojaa kwenye mtego. Ufunguliwe, uoshwe, ujazwe tena.

#29 Babu_wa_Leicester
Kuhusu lita moja, tazama joto la maji yanayorudi kwenye boila. Moshi wa propani huanza kudondosha maji pale tu unapokutana na kitu chenye joto la chini ya nyuzi 54 hivi. Kama boila imepangwa kutoa maji ya 75 na yanarudi yakiwa 60, mvuke mwingi unatoka juu na moshi. Punguza joto la kutoka, utaona ndoo inajaa haraka na mtungi unadumu.

#30 Mwanafunzi_Kyambogo
Mzee, nyuzi 54 ni za usawa wa bahari. Kabale iko karibu mita 2,000 juu, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani, kwa hiyo mvuke ulio ndani ya moshi nao unakuwa na mgandamizo mdogo na unachelewa kudondoka. Nimekokotoa nikapata karibu nyuzi 49. Yaani hata kwa mpangilio uleule wa Leicester, Kabale itatoa maji machache zaidi.

#31 Mvuke_na_Chai
Na gesi yetu ya mitungi si propani tupu, ina butani ndani yake, ambayo kwa kila kilo hutoa maji pungufu kidogo. Tena boila haikuwaka kwa nguvu zote saa nzima. Wageni wanapopaka sabuni bomba hufungwa. Mnaitafutia milima sababu ambayo iko bafuni.

#32 Babu_wa_Leicester
Miaka yote ya kazi sikuwahi kufunga boila juu ya mita 200, hilo la mlima limenipita. Kijana apewe alama zake. Lakini bado mpangilio wa joto ushushwe.

#33 Afande_Mstaafu
Swali la askari: hayo maji yenye ukali yanaishia wapi? Kama ni chini ya ukuta, miaka michache saruji italiwa.

#34 DadaFundi_Mbale
Swali zuri. Yaende kwenye kishimo kilicho angalau nusu mita kutoka kwenye msingi, kilichojazwa kokoto za chokaa au vipande vya marumaru ya jiwe halisi (si vigae), ambavyo hupooza ukali kabla maji hayajafika udongoni. Kwa Kabale, mawe ya chokaa yatatoka upande wa Kasese kuliko Tororo kwetu, na mabaki ya marumaru utayapata kwa wakata sakafu bila kulipa. Hupungua yakiliwa, kwa hiyo yaongezwe.

#35 Mwenyeji_Kabale
Nimeufungua mtego kama Dada alivyoagiza. Ulikuwa na tope la kijivu la kujaza vijiko viwili, na mdomo wa nje nao ulikuwa umegusa matope ya mfereji, kwa hiyo nimeyaondoa yote mawili siku moja na sasa sijui lipi lilikuwa mkosaji. Haikoromi sana, inasafisha koo tu. Joto nimelishusha hadi 60 na ndoo imetoa lita moja na nusu kwa saa, ingawa safari hii wageni walikuwa wengi zaidi.

Jingine: shemeji amenipigia simu. Nati ilikuwamo ndani ya boksi la miongozo, imefungwa kwa gazeti, nami nilidhani ni takataka. Nimeifunga kwenye ile pete yenye nyuzi na imeingia vizuri, ila mpira wake wa ndani haumo.

#36 Kisekka_Spea
Pima kipenyo cha ndani cha nati na kina chake, uyaandike hapa kesho asubuhi. Oringi, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja, ninazo boksi zima.

#37 Busia_Mpakani
Na bomba la kuingia ndani ya nati hiyo litakuwa la 21.5. Mnajua linauzwa wapi.